Pikapu Mbili za Mzee Wanjohi

Pearland, Texas
12 Februari 2025

Kwa Fundi Godefroid,

Hunijui, nami sikujui ila kwa karatasi ndogo niliyoikuta ndani ya kasha la gitaa: "Likinyamaza, niandikie. Godefroid, fundi wa gitaa, Irving," na anwani yako chini yake. Basi limenyamaza, nami nakuandikia.

Naitwa Jepchirchir. Ni Mkenya, kwetu Kabarnet. Hapa Pearland namtunza mzee anayeitwa Wanjohi, ambaye nadhani ndiye aliyekuletea gitaa hili zamani. Alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia wote umelala, na maneno yamemwisha isipokuwa "eeh" na "aca", ambayo kwa Kikuyu chao ni hapana. Lakini vidole vya mkono wake wa kushoto havitulii. Vinatembea juu ya blanketi mchana kutwa. Nilidhani ni ugonjwa, mpaka siku niliyofagia chini ya kitanda nikalivuta kasha. Aliponiona nimeshika gitaa alilia kama mtoto.

Nimeliunganisha na amplifaya yake. Taa inawaka, lakini gitaa halisemi kitu, ni mikwaruzo tu nikizungusha vitufe. Mimi sijawahi kutengeneza chochote maishani isipokuwa plagi ya pasi. Ila nina muda mwingi, na mikono yangu haitetemeki. Unaweza kunifundisha?

Simu yangu iliharibika, kwa hiyo tafadhali jibu kwa barua.

Wako kwa heshima,
Jepchirchir


Irving, Texas
18 Februari 2025

Binti Jepchirchir,

Aksanti kwa barua yako. Niliisoma nimesimama palepale kwenye sanduku la posta, mpaka jirani akadhani nimepata msiba.

Wanjohi namkumbuka sana. Aliendesha gari kutoka Houston saa nne nzima, akaketi kwenye ndoo ya rangi hapa karakanani kwangu, akapiga, na mke wangu akaacha samaki waungue jikoni. Ile ilikuwa kabla ya mke wangu kufariki. Nasikitika kwa hayo yaliyompata mzee.

Mimi ni Mkongo wa Uvira. Gitaa nilijifunza kuzitengeneza kambini Tanzania, kwa nyaya za redio mbovu. Kama mimi niliweza kule, wewe utaweza hapo.

Simu sitaki, hata kama yako ingekuwa nzima. Kazi hii hufundishwa vizuri kwa kalamu. Na nina sharti moja. Kila ukisikia kitu, andika kinavyosikika. Usiniandikie "sauti mbaya", maana sauti mbaya ziko nyingi sana. Niambie inafanana na nini.

Sasa: legeza nyuzi zote. Toa skrubu za kile kifuniko cheupe cha plastiki kilicho chini ya nyuzi. Usikivute kwa nguvu, kina nyaya nyuma yake. Kigeuze polepole kama unavyomgeuza mzee kitandani. Halafu nichoree kila unachokiona.

Baba Merveille,
Godefroid


Pearland
24 Februari 2025

Fundi,

Shikamoo. Ulisema nikigeuze kifuniko kama ninavyomgeuza mzee, nami nikacheka, kwa sababu ni kazi ninayoijua kuliko zote.

Sina bisibisi, nimetumia ncha ya kisu cha siagi. Nililiweka gitaa juu ya meza ya Mzee ya kulia chakula, ile inayopita juu ya kitanda, ili aone. Nilipoanza na skrubu isiyo yake akasema "aca!" kwa ukali. Nikajaribu nyingine, "aca!" Ya tatu akanyamaza. Kwa hiyo nina mafundi wawili, mmoja wa Irving na mmoja wa kitandani.

Mchoro wangu uko upande wa pili. Usicheke. Kuna vile vidude viwili virefu chini ya nyuzi. Kwenye ukingo wa barua yako umeviita mikro, nami mwanzoni nilidhani unasema maikrofoni. Nyuma ya kimoja pameandikwa pikapu kwa Kiingereza. Kwetu pikapu ni gari la kubebea kabeji! Nimeamua kuziita hivyohivyo, pikapu. Zote mbili uzi wake mwembamba wa shaba umekuwa kijani kama shilingi iliyookotwa kisimani, na wa moja umekatika kabisa. Nadhani kuna kitu kilimwagika humo zamani.

Umeniuliza pia hapo ukingoni kama nina chuma cha kulehemu na risasi ya kuungia nyaya. Sina. Maduka yako mbali kidogo.

Wako,
Jepchirchir


Irving
3 Machi 2025

Binti Jepchirchir,

Mchoro wako ni mzuri kuliko michoro ya vijana waliosomea. Mikro hizo zimekufa, usizilaumu. Nakutumia kifurushi, ndani yake kuna mikro mbili nilizozitoa kwenye gitaa langu mwenyewe (sawa, nitasema pikapu, umeshinda), chuma cha kulehemu, risasi, bisibisi, na vipande vya waya vya kufanyia mazoezi. Usiniulize habari ya kulipa.

Kanuni ni moja, na wanafunzi wote huivunja. Usiyeyushe risasi kwa chuma halafu ukaipaka kama siagi. Pasha moto mahali pa kuungia, hesabu mpaka tatu, halafu gusisha risasi hapo penyewe. Inywe yenyewe. Ikipoa iking'aa na kulala kama tone la mafuta, imeshika. Ikiwa ya kijivu na imejikunja kama tonge la ugali wa jana, ni ya uongo. Inaonekana imeshika, lakini haipitishi kitu. Ivunje uanze upya.

Waya mweusi wa kila pikapu unaenda mgongoni mwa kitufe cha sauti. Sisi tunaita masse, Wakenya nadhani mnasema ardhi. Waya mweupe unaenda kwenye swichi. Nimechora.

Jambo lingine. Nilitazama anwani yako kwenye ramani ya binti yangu Merveille. Duka la vifaa liko kwenye kona ya mtaa wenu. Ni dakika nane kwa miguu. Mimi ni mtu mzima, sikuulizi kitu.

Godefroid


Pearland
17 Machi 2025

Fundi wangu,

Kifurushi kilifika. Nimeungua vidole viwili, nimelehemu viungo kumi na vinne vya uongo, na cha kumi na tano kikang'aa. Nilimwonyesha Mzee. Akasema "eeh."

Mlango wa nyumba hii ukifunguliwa hulia, kwa hiyo moshi wa risasi naupulizia kwenye feni ya jikoni. Ninafanya kazi saa tano hadi saa saba mchana, Mzee akishakula uji na kabla ya dawa.

Sasa sauti, kama ulivyoagiza. Kabla ya kufunga nyuzi nilizigonga pikapu kwa bisibisi, taratibu. Ya kwanza: tok. Kama mtu anayebisha mlango kwa kucha moja kwa sababu anaona aibu kuingia. Ya pili vilevile. Mzee alifumbua macho. Nilirudia mara ishirini, nakiri.

Nilipofunga nyuzi, pikapu ya karibu na shingo ikatoa sauti nene, yenye joto, kama mwanamume anayeongea huku bado ana chai mdomoni. Ya chini ni kali, kijiko kwenye sufuria tupu. Lakini nikiweka swichi katikati ili zisikike zote mbili, sauti inakonda, kama mtu anayeongea kwa pua akiwa ndani ya pipa. Na nyuma ya yote kuna mvumo, friji kuukuu chumba cha pili. Nikigusa nyuzi mvumo haubadiliki. Nikigusa kile chuma cha tundu la waya, unapungua.

Nimekosea wapi?

Jepchirchir


Irving
22 Machi 2025

Binti,

Nimeisoma barua hii mara nne. Chai mdomoni! Ile ni sauti ya Wanjohi kabisa, ndivyo ilivyokuwa.

Hukukosea, umekutana na makosa mawili ya kawaida. Mvumo: kuna waya mmoja unaotoka mgongoni mwa kitufe na kuingia ndani ya mbao mpaka kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia. Umekatika au hujauunga. Bila huo, nyuzi hazijui ardhi iko wapi. Na sauti ya pua: pikapu zako ni za mafundi wawili, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinakulana. Chukua ile ya chini tu, badilisha nyaya zake, mweusi uwe mahali pa mweupe na mweupe mahali pa mweusi. Kwisha.

Andika tena ukimaliza. Andika mingi. Usibane maneno.

Na mlango. Kwa nini mlango wa nyumba ya watu wazima ulie mchana? Usijibu kama hutaki.

Godefroid


Pearland, TX
29 Machi 2025

Bwana Godefroid,

Mimi ndiye mwenye nyumba ambayo umekuwa ukituma barua na mizigo. Mzee Wanjohi ni baba yangu mzazi. Mimi ni nesi, nina leseni, nimeishi nchi hii miaka kumi na tisa bila kesi hata moja.

Nimeikuta barua ya Jepchirchir kabla hajaiweka kwenye sanduku. Anakuandikia hivi, nanukuu: "Pikapu zote mbili ziko tayari. Alhamisi Auntie akishaingia kazini natoa kila kitu nje." Auntie ni mimi. Kila kitu! Pikapu mbili! Mlitaka kubeba hadi kitanda cha mgonjwa?

Nilimtoa huyo msichana kwao nikamleta hapa kama mtoto wangu. Anakula ninachokula. Hati zake ziko salama kwangu. Hana kibali cha kufanya kazi, na akitoka kwenye hilo lango watu wa uhamiaji watamshika kabla hajavuka barabara, na nimemweleza hivyo mara nyingi kwa faida yake. Wewe unayemdanganya kwa barua utamsaidia siku hiyo?

Nikiona pikapu yoyote imesimama mbele ya nyumba yangu, nitaita polisi.

Jerioth Wanjohi (Mama Whitney)


Irving
3 Aprili 2025

Mama Whitney,

Salamu kwako na kwa mzee.

Pikapu ni kipande cha gitaa. Ni sumaku iliyozungushiwa uzi wa shaba. Inakaa chini ya nyuzi na kuisikia sauti. Gitaa la baba yako lina mbili. Jepchirchir alitaka kutoa nyaya zote nje ya tumbo la gitaa ili azipange upya. Unaweza kufungua kifuniko ukaone mwenyewe. Mimi gari langu ni dogo, la milango minne, na sijawahi kufika Pearland.

Namwomba Mama amruhusu binti amalize kazi. Kimebaki kiungo kimoja au viwili.

Kuhusu hayo mengine uliyoniandikia, nimeyasoma.

Godefroid


Pearland
15 Aprili 2025

Fundi Godefroid,

Barua hii haipiti kwenye sanduku la nyumba. Nampa Gakii, Mmeru anayekuja Jumanne kumfanyisha Mzee mazoezi ya viungo. Miezi mitatu nimeogopa hata kumsalimia kwa Kiswahili, nikidhani ni rafiki ya Auntie. Leo nilimwambia tu, "Dada, nina barua." Alinitazama, akafungua mkoba. Akasema, "Weka. Na ya pili itakapokuwepo, weka pia." Usinijibu hapa. Mjibu yeye, anwani yake iko nyuma.

Nilikudanganya. Simu yangu haikuharibika. Auntie aliichukua akasema anaipeleka kutengenezwa, na hiyo ni mwaka jana mwezi wa sita. Nilikuja kusomea unesi. Mama yangu na yeye walikutana kanisani Eldoret, akaahidi kunisimamia. Nilisoma muhula mmoja. Mzee alipougua akaniambia nisimamishe masomo mwezi mmoja tu, tusaidiane. Ni miezi ishirini sasa. Nilipoacha shule viza yangu ikafa, na pasipoti iko kwenye kabati lake lenye ufunguo. Jumapili naongea na mama kwa simu ya Auntie, Auntie ameketi kando, sauti imewekwa juu. Mama huniuliza, "Umenenepa?" Namwambia nimenenepa.

Mlango unalia na kamera inampelekea picha kazini. Kuleta barua kutoka kwenye sanduku naruhusiwa, ni hatua thelathini na moja. Stempu ni za Mzee, alikuwa na roli nzima kwenye droo. Duka lako la dakika nane nimelisikia tu. Fundi, hakuna kufuli mlangoni. Ndiyo maana naona aibu kuandika haya. Kila siku najiambia hakuna kufuli, na kila siku siondoki.

Siku aliyosoma barua yangu alipekua godoro langu akitafuta namba za magari. "Ni nani anakuja? Ni nani?" Nikasema ni pikapu za gitaa. "Unanifanya mjinga!" Akachukua chuma cha kulehemu. Barua yako ilipofika aliisoma jikoni, akafungua gitaa, akatazama ndani. Hakuomba msamaha. Alikiweka chuma mezani na kusema, "Maliza, basi."

Nikamaliza. Niliunga ule waya wa daraja, nikabadilisha nyaya za ile pikapu ya chini. Mvumo ukafa. Uliwahi kuketi kwenye chumba chenye feni, halafu umeme ukapotea, ukagundua kumbe ulikuwa umechoka? Ndivyo ulivyokufa. Swichi katikati sauti imejaa sasa, kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja waliokua nao.

Sijui kupiga. Nilimweka Mzee kwenye kiti cha magurudumu, nikalaza gitaa mapajani mwake, nikapiga magoti upande wake wa kulia. Mkono wake wa kushoto ukaenda shingoni mwa gitaa wenyewe. Nikateremsha kidole gumba juu ya nyuzi. Akahamisha vidole. Nikateremsha tena. Nilikuwa nikichelewa, naye akiningoja, akisema "eeh" kila ilipofika zamu yangu. Mara tukawa tunakwenda. Ni mdundo wa zamani, wa harusi, unaotembea kama mtu anayeteremka mlima na mzigo mwepesi. Jasho lilimtoka. Alikuwa akicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Sikusikia mlango. Auntie alikuwa amesimama kwenye korido na sare yake ya kazi, kitambulisho bado kifuani. Machozi yalimtiririka, sitamsingizia. Mzee akamwona: "Eeh! Eeh!" Nikasema moyoni, leo atanirudishia pasipoti yangu.

Akafuta macho. Akaniambia kwa sauti nzuri kabisa, "Sasa umeona mwenyewe. Huyu hawezi kuishi bila wewe. Hayo mambo ya kurudi shule tuyaache."

Ningejua ningeliacha gitaa chini ya kitanda. Hapana, hapo nadanganya tena.

Jepchirchir


Irving
19 Aprili 2025

Mwanangu Jepchirchir, kwa mkono wa Dada Gakii,

Umeniambia ukweli, na mimi nina deni la ukweli wangu.

Mimi ni kiziwi. Nilifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha kukunja mabati huko Fort Worth. Masikio yalianza kupiga filimbi, halafu filimbi ikanyamaza na dunia ikanyamaza nayo. Sasa ni miaka mitatu. Nikishika spika kanisani nasikia mtetemo mkononi, basi. Wateja sikuwaambia. Niliwaambia nina kazi nyingi. Gitaa sita ziko hapa ukutani na wenyewe wamechoka kuulizia. Barua yako ilipokuja nilifurahi kwa sababu ulisema huna simu, nikafikiri, huyu hatanigundua. Nilikuambia uandike sauti kama vile ni somo. Halikuwa somo. Nilikuwa na njaa.

Kwa hiyo sisi wawili tulijificha ndani ya barua zilezile.

Sasa nisikilize. Nilikaa kambini miaka kumi na sita. Kule napo hapakuwa na kufuli. Kulikuwa na barabara, na watu walipita. Mtu hafungwi na mlango peke yake. Anafungwa na kuambiwa kila siku kwamba nje ni kubaya zaidi, mpaka anaanza kujiambia mwenyewe. Usione aibu. Watu wazima wenye nguvu waliwekwa hivyo.

Sikuweza kupiga simu, kwa hiyo Merveille alipiga, mimi nimeketi kando nikisoma midomo yake. Aliongea na wakili mwanamke wa Houston anayesaidia watu kama wewe bila malipo. Anasema kuchukua pasipoti ya mtu ili asiondoke ni kosa katika nchi hii, na kosa si lako. Anasema kuna njia ya kuomba karatasi, ni ndefu, na hakuahidi kitu. Nilipenda kwamba hakuahidi. Dada Gakii ana chumba. Amesema atakuja siku utakayotaja wewe.

Sitakuambia uondoke. Ulishaambiwa la kufanya na watu wengi mno. Lakini mzee ana binti yake. Wewe una mama yako.

Godefroid


Houston
6 Mei 2025

Fundi Godefroid,

Niko kwa Gakii. Wakili amenihoji mara mbili, siku nzima kila mara, na kila mara nililala baadaye kama mtu aliyefua mashuka ya hospitali. Aliandika barua kwa Auntie, na siku ya nne pasipoti ikaletwa ofisini kwake kwenye bahasha, bila neno. Kesi ya viza itachukua muda gani hajui. Bado nasimama dirishani gari la polisi likipita. Nimeongea na mama peke yangu, saa nzima. Aliniuliza, "Umenenepa?" Nikasema, "Hapana, mama," na nikamwambia yote.

Auntie amemkataa Gakii, hatumii tena huduma yake. Tumesikia kwa mwenzake aliyechukua nafasi kwamba sasa kuna mwanamke wa mchana, wa wakala, na kwamba Mzee anakula vibaya. Hilo nalibeba, sitakuficha.

Kuhusu masikio yako: nilisoma barua yako nikakasirika siku mbili. Nilifikiri nilikuwa mwanafunzi. Halafu nikakumbuka mimi nilivyoandika "maduka yako mbali kidogo." Waambie wenye zile gitaa sita. Merveille anaweza kukuandikia zinavyosikika, au waandike wenyewe.

Gakii anasema umeuliza nilitokaje. Nilichagua Jumapili, tarehe ishirini na saba, kwa sababu ilikuwa siku ya Auntie ya mapumziko. Gakii alitaka nitoke siku ya kazi, kusiwe na maneno. Nilikataa. Nisingemwacha Mzee peke yake na mlango unaolia.

Nilimwosha, nikamnyoa, nikamvalisha shati la bluu. Nikamwambia, "Mzee, naenda." Alisema "aca." Nikasema tena, "Lazima niende." Alinitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote. Halafu akasema "eeh," na akageuza uso ukutani.

Auntie alikuwa sebuleni anakunja nguo. Nilisimama mbele yake na mfuko mmoja.

"Auntie, natoka. Naomba pasipoti yangu."

"Kaa chini, Jep. Umechoka, ni hayo tu. Nitakutafutia likizo."

"Naomba pasipoti yangu."

"Ukitoka nayo au bila hiyo watakushika. Unajua."

"Sawa. Basi nitatoka bila hiyo."

Akainuka. Nilidhani atanishika mkono, nami nikawa nimeamua kwamba akinishika sitapiga kelele, nitavuta tu. Hakunishika. Alisema, "Na nani atambadilisha Mzee saa kumi?"

"Leo ni wewe."

Nilifungua mlango, ukalia. Gari la Gakii lilikuwa nyumba ya tatu, injini inanguruma. Nilivuka baraza. Nilifika kwenye sanduku la posta, hatua ya thelathini na moja, na miguu ikakataa ya thelathini na mbili. Nilisimama pale na jua lote la Texas utosini, nikingoja nisichokijua. Nyuma yangu mlango ukalia tena. Auntie alikuwa ametoka, peku, na foronya moja bado mkononi. Nilingoja matusi. Nilingoja atishie polisi.

Akauliza, si kwa sauti kubwa, "Dawa yake ya saa nane. Anapewa kabla ya kula, au baada?"

Fundi, yeye ni nesi mwenye leseni. Hakujua ya baba yake.

"Baada," nikasema. "Na maji usimpe hivihivi, yatampalia. Changanya ule unga ulio kwenye mkebe wa kijani, vijiko viwili, yawe mazito. Mshikilie kidevu."

"Vijiko viwili," akasema.

"Viwili."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Nami nikaondoka.

Jepchirchir